Wasomaji Wanauliza: Mchikichi Umekula Nini Mwaka Huu?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu michikichi. Wengi walioandika wanaishi Arusha, Moshi na Himo lakini mashamba yao yako Kigoma. Wengine wanataka kuujaribu mti huu kwenye tambarare za huku kwetu. Barua zinazofanana tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Habari za kazi. Nina ekari tano za michikichi aina ya tenera (chotara yenye gamba jembamba) huko Uvinza, ina miaka saba. Kijana anayeniangalizia shamba huniomba pesa ya yurea kila mwaka, mifuko miwili kwa ekari, nami natuma. Miti ni ya kijani kabisa, ila mikungu ni midogo, na makuti ya chini yana madoa ya rangi ya chungwa. Tumekosea wapi? – *Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Mnalisha miti chakula cha aina moja. Mifuko miwili ya yurea ni kilo 100, na ndani yake mna kilo 46 za naitrojeni. Ekari iliyopandwa kwa nafasi ya mita 9 kwa mtindo wa pembetatu huchukua michikichi kama 58, kwa hiyo kila mti unapata kilo moja na robo tatu hivi ya yurea. Hiyo ni nyingi. Potashi, yaani chakula cha potasiamu, ambayo ndiyo mchikichi unaihitaji kuliko kirutubisho kingine chochote, unapata sifuri.

Piga hesabu kwa kuangalia kinachotoka shambani. Kila tani ya mikungu mibichi inayopakiwa kwenye gari huondoka na takriban kilo 3 za naitrojeni, nusu kilo ya fosforasi, kilo 3.7 hadi 4 za potasiamu na gramu 800 za magnesiamu. Tuseme ekari yako inatoa tani 6 kwa mwaka. Zimeondoka kilo 18 za naitrojeni, ambazo hurudishwa na kilo 39 za yurea. Zimeondoka pia kilo zisizopungua 22 za potasiamu. Namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa MOP (mbolea ya potashi ya kloridi), yaani 60, haihesabu potasiamu tupu bali oksaidi yake, kwa hiyo zidisha kwanza kwa 1.2: unapata kilo 27 hadi 29, na hizo zinahitaji kilo 45 hadi 48 za MOP. Ni karibu mfuko mzima kwa ekari, wa kulipa deni la mavuno tu. Mti nao unajenga shina na makuti mapya, na mvua inaosha sehemu nyingine, hasa kwenye udongo wa kichanga. Ndiyo maana kipimo halisi huwa zaidi ya kile kilichoondoka na mikungu.

Madoa uliyoyaona karibu hakika ni njaa ya potashi. Yathibitishe hivi: kata kijani kimoja (jani dogo la pembeni mwa kuti) kutoka kwenye kuti la chini, kiinue kuelekea jua na utazame kwa chini yake. Madoa ya upungufu wa potashi huanza kama vitone vya kijani kilichopauka, halafu hugeuka rangi ya chungwa na kupitisha mwanga, kama karatasi iliyodondokewa na mafuta. Yakizidi huungana, ncha na kingo hukauka, na kuti hufa kabla ya wakati wake.

Ukiongeza yurea juu ya hali hiyo unaidhuru zaidi. Naitrojeni inasukuma majani mapya, majani mapya yanadai potashi, na mti unaivuta kutoka kwenye makuti ya zamani. Uwiano ukiharibika sana utaona mistari myeupe ikitembea sambamba na uti wa vijani, mti una majani manene lakini mikungu hafifu.

Kama hujapima majani, anzia hapa kwa kila mti kwa mwaka: yurea kilo 1 hadi 1.25, MOP kilo 1.5 (2 kama udongo ni wa kichanga), mbolea ya fosfeti ya Minjingu kilo 1, mbolea ya magnesiamu aina ya kieserite nusu kilo, na boraksi (mbolea ya boroni) gramu 50. Pesa ikiwa haitoshi kwa vyote, punguza yurea mwaka huu ununue MOP. Msimu mmoja wa yurea pungufu hautauumiza mti uliokuwa ukipewa kupita kiasi.

Gawa yurea na MOP mara mbili. Kigoma mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Awamu ya kwanza iwe mvua zikishatulia, kati ya katikati ya Novemba na Desemba, na ya pili Machi. Usimwage mbolea wakati wa mvua za kufululiza, itaenda na maji. Usimwage yurea kwenye ardhi kavu au juu ya majani makavu, sehemu kubwa ya naitrojeni itapotea hewani ikiwa hewa ya amonia.

Mahali pa kumwaga pana uzito kama kiasi chenyewe. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mbolea kurundikwa kwenye kitako cha shina. Mizizi inayonyonya haiko pale. Kwenye mti wa miaka saba mizizi hai iko sentimita 30 za juu za udongo, kuanzia ukingo wa kisahani (duara linalopaliliwa kuzunguka mti) kwenda nje, na imejaa sana chini ya matuta ya makuti yaliyokatwa. Yurea tawanya ndani ya kisahani kilichopaliliwa, kuanzia mita 1 hadi 2 kutoka kwenye shina. MOP na Minjingu tawanya pembezoni na juu ya matuta ya makuti. Usichimbe mtaro wa kufukia, utakata mizizi ileile unayotaka kuilisha. Penye mteremko tu ndipo tunashauri vishimo vinne hadi sita vifupi upande wa juu wa mti, ili maji yasiserereshe mbolea.

Kwenye mavuno, kuwa na subira. Ua la mchikichi huamuliwa kuwa la kike au la kiume muda mrefu kabla hujaliona, na kutoka hapo hadi mkungu kuiva hupita miaka miwili na zaidi. Mbolea ya Novemba hii itaonekana kwanza kwenye rangi ya makuti, halafu kwenye uzito wa mikungu, na mwisho kabisa kwenye idadi yake. Atakayekuambia utaona tofauti miezi mitatu ijayo anauza mbolea.

SWALI: Nitatofautishaje njaa ya potashi na ya magnesiamu? Naambiwa zote ni rangi ya chungwa. – *Msomaji, Pasua, Moshi*

JIBU: Zote huanza makuti ya chini, ila tabia zao ni tofauti. Potashi hutoa madoadoa. Magnesiamu hugeuza kijani chote kuwa manjano kisha chungwa, na jua ndilo linaloileta. Tafuta mahali ambapo kijani kimoja kimelala juu ya kingine na kukitia kivuli. Kama sehemu iliyofunikwa imebaki kijani na iliyopigwa jua imekuwa ya chungwa, mpaka umechorwa kama kwa rula, hiyo ni magnesiamu. Dalili hii hupatikana sana kwenye udongo wa kichanga, vilimani, na mahali ambapo mkulima amemwaga MOP nyingi miaka mfululizo, kwa sababu potasiamu nyingi huizuia magnesiamu kuingia kwenye mizizi.

Naitrojeni ikipungua mti mzima hupauka, makuti ya juu na ya chini. Kabla hujakimbilia yurea, angalia kama maji yanatuama. Mti uliosimama kwenye maji una rangi hiyohiyo, na dawa yake ni mtaro. Fosforasi haina rangi ya kuitambulia. Utaona makuti mafupi na shina linalosinyaa kadiri linavyopanda.

Angalizo moja: ukiona mti mmoja peke yake una madoa makali ya chungwa na majirani zake wote ni wazima, hiyo si njaa. Ni ya kuzaliwa, na mbolea haitaiondoa.

SWALI: Mmeandika mara kadhaa kwamba tupime majani. Yanachukuliwaje? Mtu wetu wa Kigoma alikata majani ya chini, maabara wakayakataa. – *Kikundi cha wanahisa, Himo*

JIBU: Maabara walifanya vyema, maana jani la chini lingewapa majibu ya uongo. Kwenye mti unaozaa linalopimwa ni kuti namba 17, na kwenye mti mchanga ni namba 9. Viwango vyote vya kulinganishia vimewekwa kwa makuti hayo.

Kuhesabu ni rahisi ukishaona jinsi makuti yanavyojipanga. Kuti namba 1 ni changa kuliko yote yaliyokwisha kufunguka, vijani vyake vyote vimeachana na havijashikamana tena na mkuki wa katikati (kuti changa ambalo halijafunguka). Makuti yanashuka kwa mzunguko, na kila la nane linaangukia karibu chini ya lile ulilotokea. Kwa hiyo toka kwenye namba 1, shuka kwenye mstari uleule unaopinda kidogo: la kwanza chini yake ni namba 9, na linalofuata ni namba 17. Mistari mingine inapinda kulia, mingine kushoto, kutegemea mti.

Likishakatwa, pitisha kidole juu ya uti wa kuti kutoka kitakoni kwenda nchani. Mgongo wake wa juu ni bapa, unazidi kuwa mwembamba, halafu mahali fulani ubapa unakwisha na unakuwa mkali kama ukingo wa kisu. Hapo ndipo pa kuchukua: vijani vitatu kulia na vitatu kushoto. Kila kijani kata sentimita 20 hadi 30 za katikati, tupa kitako na ncha. Chana uti wa katikati uutupe pia, kinachopimwa ni nyama ya jani. Futa vumbi kwa pamba yenye maji safi, bila sabuni. Weka kwenye mfuko wa karatasi. Ukitumia wa plastiki, majani yatatoa jasho na kuoza kabla hayajafika.

Chukua kutoka miti 20 hadi 25 iliyotawanyika shamba zima, ukiacha iliyo pembeni mwa barabara, inayougua na iliyo jirani na pengo. Changanya yote kuwa sampuli moja, ilimradi miti ni ya umri mmoja na udongo ni mmoja. Bondeni na kilimani ni sampuli mbili. Fanya asubuhi, mwezi uleule kila mwaka, na iwe imepita miezi isiyopungua miwili na nusu tangu umwage mbolea. Kwa anayemwaga Machi, Juni inafaa.

Majibu yakija, kwa mti mzima angalia kama naitrojeni imefika asilimia 2.4, fosforasi 0.15, potasiamu 1.0 na magnesiamu 0.20 hadi 0.24. Usisome namba moja ukaacha nyingine. Naitrojeni 2.7 na potasiamu 0.7 ni shamba linalolia kuliko lenye 2.3 na 1.0.

Peleka pia udongo, wa kina cha sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 40, ila huo hautoshi peke yake. Udongo unakuonyesha kilichomo ghalani, jani linakuonyesha kilicholiwa. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Kihinga, Kigoma, ndio wa kuwauliza kwanza kuhusu zao hili. Kwa upande wa udongo, TARI Mlingano kule Tanga na maabara ya chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro wanapima.

SWALI: Nina duka la pembejeo karibu na soko la Mbuyuni. Wateja wenye mashamba Kigoma wananiuliza kama Minjingu inafaa kwa michikichi, na wengine wanalalamika kwamba waliitumia tambarare wasione kitu. Nani mkweli? – *Muuza pembejeo, Moshi*

JIBU: Wote. Mwamba wa fosfeti unaochimbwa Minjingu, kwenye barabara ya Arusha kwenda Babati, una fosfeti ya karibu asilimia 28 hadi 30, ila imefungwa kwenye mwamba. Kinachoufungua ni tindikali ya udongo. Penye pH (kipimo cha tindikali, ikishuka tindikali imezidi) chini ya 5.5, kama ilivyo maeneo mengi ya Kigoma yenye mvua na udongo uliooshwa, inayeyuka polepole na kuulisha mti kwa miaka kadhaa, pamoja na kuongeza kalisi. Kwa mti wa kudumu mwendo huo ni faida. Kwenye udongo wenye pH ya 7 na kwenda juu, kama tambarare zetu nyingi za chini ya Moshi na Arusha, inakaa ardhini kama ilivyotoka mgodini. Huko uza DAP au TSP, mbolea ambazo fosfeti yake huyeyuka kwenye maji.

Kwa hiyo mbolea inayochimbwa jirani na Arusha inafanya kazi vizuri zaidi mamia ya kilomita magharibi kuliko hapa ilipo. Mteja wa michikichi mwambie aweke gramu 300 hadi 500 za unga wake kwenye shimo la kupandia la sentimita 60 kwa 60 kwa 60, zikichanganywa na udongo wa juu. Kila mwaka baada ya hapo arudie kwa kutawanya juu, akianza na nusu kilo. Muulize anataka unga au ile ya punje iliyochanganywa na virutubisho vingine, kwa sababu kipimo si kimoja. Soma lebo naye kaunta kabla hajalipa.

Na tafadhali, usimuuzie NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosfeti na potashi kwa kiasi sawa) kama jibu la kila kitu. Ili apate potashi ya kutosha kwenye mfuko huo atalipia fosfeti nyingi ambayo mchikichi hauihitaji. Kwa miti inayozaa, yurea na MOP zikinunuliwa kila moja peke yake zinamtoa kwa bei nafuu.

SWALI: Kati ya miti yangu, michache ni minene, mirefu, ya kijani kizito kuliko yote, lakini haijawahi kuivisha mkungu. Niiongeze nini? – *Mwalimu mstaafu, Njiro, Arusha*

JIBU: Usiiongeze kitu, Mwalimu. Hiyo ni pisifera, tunda lake halina gamba na maua yake ya kike mara nyingi hunyauka kabla ya kuzaa. Kwa kuwa haizai, nguvu yote inaishia kwenye majani, ndiyo maana inapendeza. Ulinunua miche iliyooteshwa kutoka kwenye matunda ya tenera ya jirani, sivyo? Tenera ni mtoto wa dura, yenye gamba nene, na pisifera. Ukiotesha mbegu zake, robo ya miche hurudi kuwa dura, nusu huwa tenera, na robo huwa pisifera. Ing'oe, panda mche ulioidhinishwa kutoka chanzo kinachotambulika. Kila kilo ya MOP unayoiwekea miti hiyo umeitupa.

Hilo linajibu pia barua mbili za wenye dura za zamani za ukoo. Mbolea itaongeza mikungu ila haitapunguza unene wa gamba. Nyama yenye mafuta kwenye dura ni asilimia 35 hadi 55 ya tunda, kwenye tenera ni 60 hadi 90. Kama miti imeshapita kimo cha kuvunwa kwa usalama, pesa ya mbolea iwe ya kupanda upya.

SWALI: Nilipanda michikichi 40 Kahe, naimwagilia kwa mfereji. Ina miaka mitatu. Majani mapya yanatoka ya manjano na mishipa imebaki kijani. Nimeweka yurea, samadi na MOP, bado. – *Mama mkulima, Kahe*

JIBU: Mama, kwa kuwa ni majani mapya yanayoanza, na mishipa ni ya kijani, hiyo si njaa ya naitrojeni wala ya potashi. Ni madini ya chuma au manganizi. Huenda yamo tele kwenye udongo wako, ila udongo wenye magadi umeyafunga, mizizi haiwezi kuyachukua. Tambarare za Kahe na Arusha Chini zina maeneo mengi yenye chumvi na magadi, na maji ya mfereji yasiyo na pa kutokea huyaleta juu mwaka hadi mwaka. Ukiona ukoko mweupe ardhini baada ya maji kukauka, ndio wenyewe.

Kwanza pima pH, chumvi na sodiamu ya udongo, na maji unayomwagilia pia. Acha yurea, badili iwe SA (salfeti ya amonia): ina naitrojeni asilimia 21 tu, kwa hiyo utahitaji zaidi ya mara mbili kwa uzito, lakini inateremsha pH. Simamisha MOP hadi upate majibu, kwa sababu inaongeza chumvi ya kloridi. Potashi ikihitajika, tumia ya salfeti. Samadi endelea nayo, ila iliyooza vizuri.

Kama majibu yataonyesha sodiamu nyingi, jasi ndiyo ya kuing'oa, na jasi mnayo jirani, inachimbwa Makanya wilayani Same. Inawekwa kwa kipimo cha majibu ya maabara, kisha unafungulia maji mazuri yaisukume sodiamu chini na nje. Pasipo mtaro wa kutolea maji hakuna kitakachobadilika hata ukimwaga lori. Wakati unasubiri, nyunyizia majani mapya salfeti ya chuma, gramu 50 kwa lita 10 za maji, jioni. Itarudisha rangi kwa muda tu.

Tunaomba usiongeze ekari. Mchikichi unataka mvua ya milimita 1,800 hadi 2,000 kwa mwaka na huko kwenu haifiki nusu yake. Mti unaozaa utadai lita 150 hadi 200 kila siku ya kiangazi. Miti 40 ya nyumbani inawezekana, shamba zima litawakosanisha na wenzenu wa zamu ya maji.

SWALI: Na Marangu je, kuna mvua ya kutosha? – *Msomaji, Marangu*

JIBU: Mvua ipo, joto halipo. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 mchikichi husimama kukua, na mbolea haiondoi baridi. Usipande.

SWALI: Kiwanda kidogo tunachokamulia kinatupa makapi ya mikungu (mikungu iliyokwisha kutolewa matunda) bure, na jivu la makapi. Vina thamani gani? Na tunaweza kuchanganya jivu na yurea tumwage mara moja? – *Ndugu wawili, Boma Ng'ombe, wenye shamba Kigoma*

JIBU: Yachukueni kabla kiwanda hakijagundua mnachochukua. Tani moja ya makapi mabichi ina potashi inayokaribiana na kilo 15 hadi 19 za MOP, pamoja na naitrojeni ya kama kilo 6 za yurea, na juu ya hapo inatunza unyevu kiangazi chote. Tandazeni tabaka moja tu: kwa mti mchanga kilo 150 hadi 200 kuzunguka kisahani, bila kugusa shina. Kwa miti mikubwa tandazeni kati ya mistari. Rundo la tabaka juu ya tabaka huwa nyumba ya mbawakawa yule mweusi mwenye pembe, anayetoboa mkuki wa mti. Mwageni yakiwa mapya, maana yakilala nje kwenye mvua kwa wiki kadhaa potashi huoshwa na kubaki nyuzi.

Jivu la makapi lina potashi asilimia 30 hadi 40, na ni kali, linapandisha pH haraka. Kwenye udongo wenye tindikali hiyo ni faida mara mbili. Lakini kulichanganya na yurea au SA, hapana kabisa. Chukueni kijiko cha kila kimoja, tieni maji kidogo kwenye kikombe, mnuse: harufu itakayowapiga puani ni naitrojeni yenu ikiondoka. Tenganisheni kwa wiki tatu au nne. Jivu lihifadhiwe pakavu na anayelimwaga avae glavu na kufunika macho.

Na makuti mnayokata msiyachome. Mti hutoa makuti kama 24 kwa mwaka, na yale yanayokatwa kwenye hekta moja yana zaidi ya kilo 100 za naitrojeni na zaidi ya kilo 100 za potasiamu. Moto unapeleka naitrojeni yote hewani.

SWALI: Miche yangu ya miaka miwili inatoa vijani vilivyokunjika ncha kama ndoano, na kuti jipya ni fupi kuliko lililotangulia. Je, ni wadudu? – *Msomaji, Majengo, Moshi*

JIBU: Ni boroni. Wadudu hula na kuacha matundu, ila hapa jani lenyewe limezaliwa limepinda. Weka boraksi gramu 30 hadi 50 kwa mti wa umri huo, tawanya kwenye kisahani udongo ukiwa na unyevu. Kipime kwa mizani ya duka kwanza, halafu ujue visoda vyako vingapi vinatimiza kipimo hicho. Usizidishe kwa kudhani unaharakisha: kati ya boroni inayotosha na inayounguza ncha za majani pana nafasi ndogo. Majani yaliyokwisha kupinda hayatanyooka, angalia yatakayotoka baada ya miezi minne hadi sita.

SWALI: Naweza kupanda muhogo katikati ya michikichi michanga? – *Msomaji, Usa River*

JIBU: Muhogo unachota potashi kwa wingi, na ukiung'oa unaondoka nayo. Chagua maharage au karanga, mita moja na nusu mbali na mti, na masalia yabaki shambani. Ukilazimika kupanda muhogo, uwekee potashi yake yenyewe.

SWALI: Sina michikichi, nina kihamba cha migomba na kahawa. Hii hesabu ya kurudisha kilichoondoka inanihusu? – *Mzee, Uru*

JIBU: Shikamoo Mzee. Inakuhusu sana. Tani ya ndizi mbichi inaondoka na kilo 4 hadi 5 za potasiamu, zaidi ya tani ya mikungu ya michikichi, na naitrojeni chini ya nusu ya hiyo. Ndizi iliyoliwa nyumbani maganda yake yalirudi kwa ng'ombe na samadi ikarudi mgombani. Ndizi inayopakiwa lori kwenda Dar es Salaam hairudishi kitu. Hesabu mikungu uliyouza mwaka mzima. Ikifika tani mbili, umeuza potasiamu ya mfuko wa kilo 20 wa MOP. Ukingo wa majani ya chini ukiwa wa manjano na unakauka kuelekea kwenye uti, ndilo deni hilo. Weka gramu 200 hadi 300 za MOP kwa shina kwa mwaka, nusu mwanzo wa masika na nusu mwanzo wa vuli, hatua moja kutoka kwenye shina upande wa chipukizi linalofuata. Jivu la jikoni linafaa pia, ila lisikutane na samadi mbichi wala yurea. Upande wa kahawa, waone taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungo wakupimie udongo kwanza, kwa sababu potashi ya migomba ikizidi chini ya mibuni itaibania magnesiamu vilevile.